Rubani na Waliobaki Ardhini: Kumsoma Beryl Markham kutoka Newala

Mjini Newala, pale Uwanda wa Makonde unapokatika ghafla, pana mahali panapoitwa Shimo la Mungu. Aliyesimama ukingoni huona chini yake vichaka, mashamba na vijia, kisha bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji ikififia katika ukungu. Miguu yake iko ardhini, lakini macho yake yanaona kama yaonavyo macho ya rubani: mti umekuwa kitone, njia imekuwa uzi, na binadamu hajulikani alipo ila kwa moshi wa moto wake. Ni mahali panapofaa kukisomea kitabu *West with the Night*, kilichotolewa mwaka 1942 kwa jina la Beryl Markham. Swali kubwa la kitabu hicho ndilo lilelile linalomjia mtu aliyesimama hapo: atazamaye kutoka juu huona nini, na ni nini kinachomponyoka?

Kiswahili kimelihifadhi swali hilo ndani ya maneno yake. Ndege ni kiumbe mwenye mbawa, ni chombo cha chuma, na katika lugha ya wazee ni fali: msafiri aliyepata ndege mwema aliendelea na safari, na aliyepata ndege mbaya alirudi nyumbani. Rubani naye, kabla hajapanda angani, alikuwa mtu wa bahari, mjuzi wa miamba na mikondo, aliyekiongoza chombo hadi bandarini. Lugha iliyolelewa pwani ilipokiona chombo kinachoruka haikuhangaika kubuni neno jipya. Ilimchukua mtu wa bahari ikampandisha juu.

Kwa Wamakonde nako kupanda juu si jambo dogo. Simulizi yao ya asili inamtaja mtu mmoja mpweke, asiyeoga wala kunyoa, aliyechonga umbo la mti na kulisimamisha. Kulipopambazuka umbo likawa mwanamke hai. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa bondeni, karibu na mto, akafa. Wakahamia palipoinuka kidogo, na wa pili akafa. Wakapanda hadi uwandani, kwenye vichaka, na wa tatu akaishi. Tangu hapo mabonde yakaogopwa. Lakini urefu huo una malipo yake, kwani mchanga wa uwanda huyanywa maji ya mvua yasionekane tena, na mito iko chini. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka mteremko alfajiri na kupanda tena na mitungi vichwani. Mradi wa maji ulioanza katika miaka ya 1950 ulizipunguza safari hizo, lakini fundisho lake limebaki: juu kuna uhai, na kinachouwezesha uhai huo hubebwa kutoka chini.

Tena uwanda huu una nafasi yake katika historia ya safari za anga, ingawa wachache huikumbuka. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo kikubwa cha Wajerumani cha kuelea angani, L 59, kiliondoka Jambol, nchini Bulgaria, kikiwa na urefu wa zaidi ya mita 220 na shehena ya takriban tani 15 za risasi, bunduki na dawa. Kilikuwa kikilipelekea msaada jeshi la Lettow-Vorbeck, na nchi ya Wamakonde ndiyo iliyokusudiwa kuwa mwisho wa safari. Haikutarajiwa kwamba kingerudi. Kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo, na mifupa yake ingegeuzwa vifaa. Kilivuka bahari ya Mediterania na jangwa, kikafika Sudan, magharibi ya Khartoum, ndipo kikaitwa kurudi, kwa kuwa mahali pa kutua palikuwa pamekwisha kutoka mikononi mwa Wajerumani. Kilitua kilikoanzia baada ya saa 95 na mwendo wa kilomita zaidi ya 6,700. Siku zizo hizo Lettow-Vorbeck alikuwa akiteremka kutoka Newala na kuvuka Ruvuma. Nyuma yake walitembea wapagazi, wanawake na watoto, na mizigo ilikuwa vichwani mwao. Historia ya anga imehifadhi saa na kilomita. Ya wapagazi haikuhesabiwa kwa uangalifu wa namna hiyo.

Kwa kipimo hicho ndipo kitabu cha Markham kinapostahili kupimwa.

Beryl Clutterbuck alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya mwaka 1906 akiwa mtoto mdogo. Mama yake alirudi Uingereza pamoja na kaka yake, naye akabaki na baba, Charles Clutterbuck, mfuga farasi wa Njoro. Alikua katikati ya watoto wa Kiafrika waliokuwa shambani kwa baba yake, akajifunza lugha zao na kuwinda pamoja nao. Ukame na madeni vilipoliangusha shamba, baba alikwenda Peru, na binti, akiwa hajafikisha miaka 20, akaanza kazi ya kuwafundisha farasi wa mashindano kwa leseni yake mwenyewe, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya katika nchi ile. Tom Campbell Black akamfundisha urubani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kupata leseni ya urubani wa biashara, akibeba barua, abiria na dawa, na kuwatafutia wawindaji matajiri makundi ya tembo. Mwezi Septemba 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Cape Breton, Kanada. Alirudi Kenya baada ya miaka mingi ya kuishi Marekani na kwingineko, akafundisha tena farasi na kushinda, akazeeka katika uhaba, na kufariki Nairobi mwaka 1986.

Huo ni muhtasari wa maisha, na kitabu kinakataa kuwa muhtasari wa namna hiyo. Fani yake ni ya kumbukumbu zinazokuja kwa mpango wake zenyewe, si kwa mfuatano wa kalenda. Mwandishi anaanza na safari moja ya usiku aliyoikuta katika daftari lake la urubani, kisha anarudi utotoni, kisha anasonga mbele. Safari hiyo ya kwanza inaelekea Nungwe. Msomaji wa visiwani asiichanganye na Nungwi ya kaskazini ya Unguja: hii ni Nungwe ya Tanganyika, kusini ya ziwa Victoria, penye machimbo ya dhahabu. Rubani anapeleka mtungi wa hewa ya oksijeni kwa mchimbaji anayekaribia kukata roho, na huko anamkuta mgonjwa mwingine, naye anakufa kwa homa, ambaye haja yake si dawa bali ni mtu wa kuzungumza naye. Ni mwanzo wenye nguvu. Mwandishi angeweza kuanza na ushujaa wa Atlantiki. Amechagua kuanza na mtu anayekaa kitandani pa mgeni na kutafuta la kusema.

Hapo ndipo uzuri wa kitabu unapojitokeza. Markham anaandika vizuri zaidi anapoandika kazi. Kuzaliwa kwa mwanafarasi usiku, kupima mafuta, kusikiliza mlio wa injini, kuitafuta ndege ya mwenzake iliyoanguka nyikani: mambo haya hayapambwi. Msomaji anajifunza jinsi jambo linavyofanywa, na kwa kujifunza hilo anamjua anayelifanya. Sifa ya namna hii haipatikani kwa wingi katika vitabu vya walowezi, ambamo aghalabu kazi hufanywa na watu wasiotajwa na mwenye kitabu hukaa barazani akitazama machweo. Beryl Markham haonekani sana barazani. Mikono yake ina mafuta ya mashine na jasho la farasi.

Lakini jicho la juu lina mitego yake. Katika sehemu moja mwandishi anazungumzia ramani alizozitumia, ambazo maeneo makubwa yalikuwa yameachwa matupu na kuandikwa kwamba hayajapimwa. Anazikejeli ramani hizo, na kejeli yake ni ya haki, kwani rubani aliyeharibikiwa injini juu ya nafasi tupu ya karatasi hatui juu ya karatasi. Hata hivyo kejeli inaishia njiani. Nafasi iliyokuwa tupu kwa mchora ramani haikuwa tupu kwa waliokaa humo. Mwanamke wa Newala aliyeshuka bondeni kuteka maji alizijua njia zote za mteremko, alijua kisima kipi hukauka mwezi gani na jiwe lipi huteleza wakati wa mvua. Ramani yake ilikuwa miguuni. Mwaka 1906, mwaka uleule Beryl alioletwa Kenya, Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig, alikaa Masasi na Newala akipiga picha na kunasa sauti za nyimbo kwa mashine. Weule alikuwa mtu wa dola yake na wa zama zake, lakini alifanya jambo moja lililo adimu: aliwapa baadhi ya Waafrika kalamu na karatasi wachore wenyewe, na michoro hiyo aliitia katika kitabu chake cha mwaka 1908. Katika kitabu cha Markham kalamu haikabidhiwi kwa mwingine.

Mtego wa pili ni tembo. Rubani aliruka juu ya vichaka akiwatafuta madume wenye pembe kubwa, kisha akawaarifu wawindaji. Mwandishi haoni fahari katika biashara hiyo. Anaudhihaki upumbavu wa binadamu anayeunda silaha kwa kila kiumbe kikubwa kuliko yeye. Tena anaeleza jinsi tembo walivyotambua maana ya mlio wa ndege, majike wakalizunguka dume ili pembe zake zisionekane kutoka juu. Ni miongoni mwa kurasa bora za kitabu, kwa sababu ndani yake anayetazama anagundua kwamba naye anatazamwa. Msomaji wa Masasi hawezi kuupita ukurasa huo bila kukumbuka. Katika nchi hii, iliyo baina ya ziwa Nyasa na bandari za Kilwa, Lindi na Mikindani, pembe na watu viliteremshwa pwani katika msafara mmoja, na watu waliobebeshwa pembe nao waliuzwa. Mji wa Masasi wenyewe ulianza mwaka 1876, wakati Askofu Edward Steere alipowaleta kutoka Zanzibar watu waliokombolewa utumwani. Kujificha kwa jicho la mwindaji, hapa, si habari ya wanyama peke yao.

Kiini cha kitabu, hata hivyo, ni mtu mmoja: arap Ruta. Alipokuwa mtoto aliitwa Kibii, akacheza na kukimbia pamoja na binti wa Clutterbuck. Baada ya kutahiriwa na kuwa mtu mzima alirudi kwake kufanya kazi, akawahudumia farasi, kisha akaihudumia ndege. Mwandishi anampa maneno yenye busara na utani mkavu, na hapana mwingine katika kitabu anayependwa kwa namna hiyo. Kisha panakuja kipande ambacho kila mhakiki wa kitabu hiki hana budi kusimama nacho. Mwandishi anakiri kwamba wale wawili waliotembea sambamba utotoni hawatatembea sambamba tena. Rafiki yake sasa atakuwa nyuma yake, na tabasamu yake haitakuwa ileile. Anayasema haya kwa huzuni ya kweli. Walowezi wengi hawakuyaona, na walioyaona hawakuyaandika.

Lakini huzuni si sawa na swali. Mwandishi anasema kwamba njia imebadilika, hasemi aliyeibadilisha. Anaizungumzia tofauti ya rangi na daraja kana kwamba ni umri, jambo linalomfikia kila mtoto kama zinavyomfikia mvi. Tarehe zinashuhudia vingine. Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Waingereza, na upinzani wa watu wake ukavunjwa. Miezi michache baadaye msichana mdogo alifikishwa Njoro, penye shamba lililowezekana kwa sababu ya mavunjo ya namna hiyo. Mwaka huohuo wa 1905, kusini, Maji Maji ilifika Masasi na misheni ikateketezwa. Na Wajerumani walipolipiza kisasi, njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Arap Ruta hakujifunza kutembea nyuma kwa sababu alikua. Alifundishwa, na gharama ya somo lile ililipwa na baba zake. Kitabu kinachojua kueleza jinsi barafu inavyoziba tundu la hewa la tangi kingeweza kulieleza na hili.

Ipo pia orodha ya mambo yaliyonyamaziwa kwa makusudi. Waume watatu wa mwandishi hawamo katika simulizi, wala mwanawe wa pekee hamo. Wasomaji wengine wamelaumu. Lawama hiyo haina uzito mkubwa, maana tawasifu si hati ya mahakamani, na mwanamke wa mwaka 1942 aliyetaka kusomwa kwa kazi yake alikuwa na sababu ya kuwafungia mlango wa nyumba yake wapita njia. Marubani wanaume walioandika vitabu hawakuulizwa walimwachia nani watoto. Lililo zito zaidi ni kimya kinachowahusu watu wasiokuwa na namna ya kujisemea. Denys Finch Hatton, rafiki yake, alianguka na ndege yake Voi mwezi Mei 1931. Alikufa pamoja naye Kamau, mtumishi wake. Jina la kwanza limezaa vitabu na filamu. La pili hutajwa kwa nusu sentensi, likitajwa.

Sasa ni zamu ya mjadala uliokizunguka kitabu hiki kuliko yote yaliyomo ndani yake: nani aliyekiandika? Kilipotoka mara ya kwanza, mjini Boston, Marekani ilikuwa imeingia vitani miezi michache tu iliyopita, na kitabu kikasahaulika. Ernest Hemingway alikuwa amekisifu katika barua ya mwaka 1942, akisema kwamba mwanamke huyu amewashinda waandishi wa kazi, huku akimtukana mwenyewe katika barua hiyohiyo. Sifa hiyo ilipogunduliwa, nyumba ndogo ya uchapaji ya California, North Point Press, ilikitoa upya mwaka 1983, na bibi wa miaka 80 aliyekuwa akiishi karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Nairobi akajikuta mashuhuri. Ndipo shaka ikaanza. Mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa mwandishi, na kitabu chenyewe kinamshukuru kwa msaada wake. Mary Lovell, katika wasifu wa mwaka 1987, alitetea kwamba kazi ni ya Beryl, akisema kuwa sehemu ya mswada ilimfikia mchapishaji kabla ya wawili hao kujuana. Errol Trzebinski, katika wasifu wa mwaka 1993, alishikilia kwamba kalamu ilikuwa ya Schumacher.

Shaka hii isichukuliwe kuwa ni njama tupu dhidi ya wanawake, wala isipokewe kama hukumu. Fasihi ya Kiswahili ina uzoefu mrefu na jambo hili kuliko wanavyodhani wahakiki wa Ulaya. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalihifadhiwa kwa kumbukumbu ya Mwalimu Sikujua na kwa karatasi za mmishonari W. E. Taylor, na hakuna anayemnyang'anya Muyaka utungo wake. Maisha ya Siti binti Saad, aliyeimba mbele ya masultani na kusafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake mwaka 1928, yalikuja kwa wasomaji kupitia kalamu ya Shaaban Robert. Mwanamke aliishi na mwanamume akaandika, lakini jalada lilisema wazi nani ni nani. Sayyida Salme, binti wa Sultani aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, lugha aliyoipata ukubwani, na kuzitoa mwaka 1886. Mtunzi, msimulizi, na mwenye kushika kalamu ni watu watatu wanaoweza kukaa katika mwili mmoja au katika miili mitatu.

Kwa hiyo swali lenye faida ni hili: ni kipi katika kitabu ambacho mume asingeweza kukitoa kwake? Schumacher hakukulia Njoro. Hakumjua Kibii. Hakuwahi kusikiliza injini ikinyamaza juu ya bahari usiku. Huenda alinyoosha sentensi, na zipo sehemu ambamo sentensi zimenyooshwa kupita kiasi, zikajaa methali za kubuni zisizokuwa za Njoro wala za mahali popote. Sehemu hizo ndizo dhaifu. Zile zenye nguvu, za kazi na za hofu, zina ujuzi wa mtu aliyekuwapo. Ikiwa mikono ilikuwa miwili, basi mkono uliostahili kushika jalada ulishika jalada.

Sura ya Atlantiki inathibitisha hilo. Wanawake wengine walikuwa wamefanya makubwa: Amy Johnson alifika Australia mwaka 1930, na Amelia Earhart aliivuka Atlantiki peke yake mwaka 1932. Earhart alitoka magharibi kwenda mashariki, akisukumwa na upepo. Markham aliukabili upepo huo usoni, akawa mwanamke wa kwanza kuivuka peke yake kwa upande huo bila kutua njiani. Ndege yake, Percival Vega Gull, haikuwa na redio. Baada ya zaidi ya saa 20, matundu ya hewa ya tangi yakiwa yameziba kwa barafu, injini ilikosa mafuta na ndege ikachomeka pua katika ardhi ya tope na mawe ya Cape Breton. Alikuwa amekusudia New York. Katika masimulizi ya kujisifu tope lile lingegeuzwa nishani. Hapa limebaki kuwa tope, na msafiri aliyetoka humo na jeraha kichwani anaona kwanza kwamba hakufika alikokusudia. Unyofu huo ndio ushahidi wa mwenyewe.

Na ukurasa wa mwisho hauko angani. Yuko melini, akirudi baharini alikotoka rubani wa kwanza.

Linabaki suala la lugha, na kwa wasomaji wa Kiswahili ndilo lililo karibu zaidi. Mazungumzo mengi ya kitabu hiki, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, hayakutamkwa kwa Kiingereza. Kibii na Beryl walizungumza Kinandi na Kiswahili. Sura moja imepewa hata kichwa cha Kiswahili, cha kumtakia mtu bahati njema, kwa tahajia ya walowezi inayolikatakata neno kama kuni. Ina maana kwamba kitabu cha asili ni tafsiri, na atakayekitia katika Kiswahili atakuwa anakirudisha nyumbani. Kazi hiyo si rahisi. Akimpa arap Ruta Kiswahili fasaha cha visiwani mbele ya bibi wa Kizungu anayemjibu kwa ufasaha uleule, ataufuta ukoloni kwa kalamu moja. Akitumia Kiswahili cha walowezi, kile cha amri zisizokuwa na viambishi wala adabu, atamdhalilisha mtu ambaye kitabu kinamheshimu kuliko wengine wote. Kiingereza kiliweza kulificha jambo hili, kwa kuwa kina neno moja la kumwita rafiki, bwana na mtumwa. Kiswahili hakiwezi. Mtu akimwita mwenziwe kwa jina lake, na kesho yake akamwita memsabu, msikilizaji amekwisha kujua kilichotokea.

Huenda ndipo penye jibu. Sura za utotoni ziandikwe kwa Kiswahili kizima, cha watoto wawili wanaokatizana maneno na kuitana majina. Sura za baadaye zimwachie Ruta lugha yake ileile, nzima na yenye uzito, ila neno la kumwitia yule wa zamani libadilike, na majibu ya yule wa zamani yawe mafupi zaidi, yenye amri ndani yake. Kwa njia hiyo msomaji ataisikia njia ikigeuka kutoka sambamba kuwa mbele na nyuma, bila mfasiri kuongeza hata neno la lawama. Tafsiri itakuwa imeuliza swali ambalo kitabu hakikuliuliza, na haitakuwa imekikhini kitabu.

Wachongaji wa Kimakonde wana namna ya sanaa ambayo imepewa jina la ujamaa: gogo moja la mpingo lenye watu wengi waliobebana, mmoja juu ya mwingine. Aliye juu kabisa huonekana kwanza. Lakini mchongaji hakumtenga, kwani mti ni mmoja, na anayetaka kumwondoa wa chini atamwangusha wa juu. Katika miaka ya Markham, aliyetua usiku kwenye viwanja vya porini alitegemea mioto iliyowashwa kando ya njia, na kila moto uliwashwa na mkono wa mtu. *West with the Night* ni kitabu cha mtu wa juu ya gogo, mwenye macho makali na moyo usio mdogo, aliyeinama mara moja au mbili kuwatazama waliombeba. Kinastahili kusomwa kwa kile alichokiona. Kinastahili kusomwa kwa uangalifu zaidi huku Newala, ambako kila aliyesimama ukingoni anajua kwamba vile vijia vinavyoonekana kama nyuzi vilikanyagwa na mama yake, akipanda na maji.